Doa la Mafuta kwenye Lifti ya Waingereza

Vijana wangu wa karakana, mimi nimesoma mpaka darasa la nne, Tanga, na hilo la nne lenyewe nililiacha katikati. Nasema mapema ili msije mkatafuta makosa ya mwandiko mkasahau kusoma. Lakini hapa Joburg, kati ya Hillbrow na Marshalltown, haijapata kuwapo lifti iliyonishinda, na hapa sijisifu, natoa taarifa. Wenye vyeti waliletwa, wakapanda na kompyuta zao, wakashuka kwa ngazi. Halafu akaitwa Shabani.

Sasa magoti yamegoma. Mwaka huu wa 2019 nimekabidhi funguo za chumba cha mota, nimewaachia spana zangu, na ninyi mmesema niandike yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya lifti. Haya. Habari za cheo na mshahara hamtazikuta humu, hazijawahi kufungua mlango uliokwama. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya lifti moja.

Nilipofika Joburg nilikuwa nauza mikanda ya suruali karibu na stendi ya teksi. Siku moja mzee wa Kihindi akasimamisha bakki yake, pikapu kuukuu, mbele ya meza yangu, nyuma amepakia mota ya lifti, na vijana wake hawaonekani. Akanitazama mikono. Uso hakuutazama kabisa.

"Wewe wa wapi?"

"Tanga."

"Tanga, shika huku."

Nikashika. Tangu siku hiyo jina langu likawa Tanga, na mikanda nikamwachia Mmalawi wa meza ya pili. Mzee yule ndiye Dayal, mwenye karakana Fordsburg, fundi ambaye hata mafundi walimwogopa. Tulizungumza Kiingereza cha karakana kilichochanganyika na Kizulu. Hapa namwandika kwa Kiswahili, maana ndivyo nilivyomsikia moyoni.

Kesho yake akaniingiza kwenye lifti ya jengo moja la Hillbrow, imejaa watu na mifuko yao. Akasema, "Geuka ukutani."

Nikageuka. Pua yangu na bati la lifti, hakuna hata upana wa kidole. Abiria wakacheka.

"Tuko ghorofa ya ngapi?"

"Nitajuaje, Mzee, na sioni?"

"Macho ni ya abiria. Fundi ana masikio."

Wiki nzima nilipandishwa na kushushwa kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilimchukia, sifichi. Siku ya nane nikaanza kusikia. Kamba za chuma zina sauti moja chini na nyingine juu. Kila ghorofa ina upepo wake kwenye uwazi wa mlango. Breki huvuta pumzi kabla ya kushika. Mwisho wa mwezi niliweza kuisimamisha lifti ya mkono, ya kuendeshwa kwa wenzo, sawasawa na sakafu, nimeelekea ukutani, wakati wenzangu, wanaotazama mlango, wanaacha pengo la kidole kizima. Ninyi mnaniita mchawi kwa ajili ya hilo. Uchawi wenyewe ni huo, kusimama na aibu mpaka izae kazi.

Mambo mengine mawili ya Mzee Dayal myashike, mtayahitaji mbele. La kwanza, hakuwa na neno la bure. Mimi nikiwa ndani ya shimo, yeye juu chumba cha mota, aliniamuru kwa kugonga spana kwenye reli: moja, panda, mbili, simama. Hata tukiwa tumesimama bega kwa bega aligonga. Nami nilipopata vijana wangu, yaani ninyi, nikawagongea hivyo hivyo.

La pili, kikombe. Pale karakana vikombe vya udongo vilikaa kwenye trei, vyake na vya mafundi wa Kihindi. Changu kilikuwa cha bati, kimeliwa na kutu ukingoni, kinaning'inia peke yake kwenye msumari karibu na mlango. Nilikinywea miaka mingi. Siku moja tu niliuliza.

"Mzee, na mimi si ninywee hivyo vingine?"

"Hicho ndicho chako," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nikameza. Nilisema moyoni, siku nitakayofungua karakana yangu nitanunua vikombe vya kioo. Nilivinunua, mmevivunja vyote.

Sasa njooni mwaka 2016. Mzee Dayal alikuwa amestaafu, moyo wake umechoka, anakaa kwa binti yake hapo hapo Fordsburg. Mimi ndiye niliyekuwa na jina mjini. Akanipigia simu Mama Pasta Esperansi, Mkongomani mwenye sauti ya kuamsha maiti. Kanisa lake lilikuwa limekodi ukumbi wa ghorofa ya tatu kwenye jengo kongwe la Marshalltown. Chini kuna duka la jumla la mablanketi, katikati hakuna mtu. Zamani jengo lile lilikuwa klabu ya Waingereza wakubwa, wa migodi na wa serikali. Juu ya mlango wa mbele bado kuna simba wa jiwe, njiwa wamemfanya choo.

"Fundi, vraiment, kweli, ile lifti iko na mutu ndani," alinipokea hivyo.

"Mtu gani, Mama?"

"Sijue. Anapigaka chini. Ko! Ko! Mara mbili, halafu ananyamaza. Tulisha kuomba, tulisha kufunga siku tatu. Haitoke."

"Mama, hilo si pepo. Kuna kipande kinachoshika reli za mzani, ule uzito unaoisawazisha lifti, tunakiita kiatu. Kikilika, kinagonga."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Basi huyu pepo anavaaka viatu."

Tukacheka. Lakini angalieni kosa langu la kwanza. Lifti ile ilikuwa imekufa miaka, imesimama chini kabisa na vumbi limeota. Lifti iliyosimama haigongwi na kiatu. Sikujiuliza. Fundi akishapata jibu zuri huwa haulizi tena.

Mwenye jengo alikuwa ametoa muda mpaka mwisho wa mwezi. Lifti ikipanda na wazee wa kanisa, ibaki. Isipopanda, anaita watu wa chuma chakavu, kibanda kinavunjwa, shimo linafungwa kwa zege. Nilipofungua ule mlango wa vyuma vya kukunja nikajua sitakubali. Kibanda kizima kilikuwa cha mtiki. Mimi ni mtu wa Tanga, mtiki naujua tangu ukiwa mche. Kiti cha ngozi kwa ajili ya abiria, kioo chenye maua, na upande wa kushoto wenzo wa shaba wa kuendeshea. Lifti ya mkono, haina kitufe.

Nilifanya kazi siku tisa. Nikabadilisha viatu vya mzani, nikafunga breki upya, kamba nikazikagua uzi kwa uzi. Halafu nikaanza kuipamba, maana nilitaka mwenye jengo akiiona aone haya kuivunja. Karibu na wenzo, juu kidogo, kwenye kimo cha uso wa mtu mfupi, palikuwa na doa. La mviringo, jeusi, la mafuta, ukubwa wa kiganja. Baya kabisa katikati ya mbao zile. Nikalipiga msasa mpaka mti ukatoka mweupe kama umekatwa leo. Nikapaka vanishi mara tatu. Nikarudi nyuma nikajipongeza kwa sauti.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Jua linawaka hata kwenye shimo, magari yanapiga honi kwenye robot, taa za barabarani pale kona. Nasema hivyo ili msidhani nilikuwa nimetishwa na giza. Niko peke yangu ndani, nimeshika wenzo, nataka kwenda ya tatu. Sijausukuma bado.

Ko. Ko.

Kwenye sakafu, nyuma yangu, kama ncha ya fimbo.

Na mkono wangu ukaenda. Sikuutuma. Mkono wangu mimi Shabani, usiotumwa na mtu, ukasukuma wenzo, lifti ikapanda, ikapita ya kwanza, na mkono ukarudisha wenzo katikati. Ikasimama. Nilipotahamaki nilikuwa nimeelekea ukutani, paji la uso limegusa vanishi. Sikumbuki nimegeuka saa ngapi. Nikatazama mlangoni. Matofali. Ghorofa ya pili ilizibwa zamani, mlango wake umejengewa ukuta. Nikachukua spana nikapima ukingo wa sakafu, bado unaonekana chini ya matofali. Sawasawa, hata unywele haupiti. Kazi safi kuliko zangu zote, na sikuwa mimi niliyeifanya.

Nilishuka. Mama Pasta akauliza, "Imetembea?" Nikamwambia imetembea, na nikaenda moja kwa moja Fordsburg.

Mzee Dayal alikuwa kwenye kiti cha baraza, blanketi magotini. Nilimsimulia. Hakucheka, hakusema viatu.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ghorofa ya pili. Chumba cha karata." Halafu akazungumza kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza.

Lifti ile iliendeshwa na babu yake. Babu alitoka Gujarat akiamini kwamba raia wa Mfalme ni raia wa Mfalme popote bendera ilipo. Waingereza walipopigana na Makaburu alibeba majeruhi wao kwenye machela. Vita vilipokwisha wakamshukuru, wakamwambia barabarani asitembee juu ya kijia cha mawe, na klabuni aingilie uchochoroni, kwenye mlango wa makaa. Wakampa lifti, na lifti ikawa na sheria. Kuli, ndivyo walivyomwita kila Mhindi, aelekee ukutani, asiwatazame mabwana wala wake zao. Na bwana haongei na kuli. Bwana anagonga fimbo sakafuni kwa hesabu ya ghorofa anayotaka: moja, mbili au tatu.

"Na yeye alikubali?" niliuliza.

"Alirudi nyumbani anacheka. Alisema, watu wazima na ndevu zao hawawezi kufunga mlango! Nyuma ya mgongo wake walisema kila kitu, nani amefilisika, mke wa nani yuko na nani. Waliona mgongo, wakadhani ni sehemu ya ukuta. Babu alijua siri za mji mzima. Aliwadharau, Tanga. Kila siku aliwadharau, na kila siku picha ya Mfalme ilikuwa ukutani kwetu, na alikuwa anaifuta vumbi."

"Wewe ulimwona akifanya kazi?"

"Nilikuwa na miaka minane. Nilimpelekea chakula nikapita pasipopitwa. Lifti ikashuka, mlango ukafunguka, wakatoka mabwana. Nikamwona babu, uso ukutani, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Nilitupa chakula nikakimbia. Sikumwamkia mpaka alipokufa."

Binti yake alileta chai. Mzee akashika kikombe chake bila kunywa.

"Kikombe chako cha bati kilikuwa chake. Klabuni walimwekea peke yake, kwenye msumari."

Hapo, jamani, nikauliza lile nililolimeza miaka yote. "Mzee, ulinipa kwa heshima au kwa dharau?"

Alifikiri kweli. Hakutaka kunidanganya. "Sijui. Nilikitundika tu palipotakiwa kutundikwa."

Halafu akanishika mkono. "Alikuwa akisema, miaka thelathini nimeegemeza kichwa pale, mafuta yangu ya nazi yameingia kwenye mbao, wao watakwenda na mimi nitabaki. Kuna alama. Nipeleke niiguse kabla hawajaivunja. Nataka kumwamkia."

Mtu mwenye moyo mbovu anaomba kitu kimoja, na kitu hicho nimekipiga msasa mimi, nikajipongeza. Nikasema, "Jumamosi, Mzee."

Kosa la pili mnalijua, la tatu silipendi kuliandika. Siku ya Ijumaa nilinunua chupa ya mafuta ya nazi kwa Wahindi pale pale Fordsburg. Nia yangu ilikuwa kulitengeneza doa upya. Nilijiambia, macho yake mabovu, atagusa utelezi, atasikia harufu, atalia, ataridhika. Ndiyo, mimi. Nikaingia kwenye jengo saa sita mchana na chupa mfukoni na kitambaa mkononi.

Doa lilikuwapo.

Lilikuwa limetoka chini ya vanishi, jeusi, la mviringo, kwenye kimo kile kile. Najua mtakachosema. Mafuta hayakai chini ya vanishi, yanapanda. Nami ndiye niliyewafundisha. Lakini yale mafuta nilikuwa nimeyamaliza kwa msasa, na zilikuwa zimepita siku chache tu. Nikagusa. Lilikuwa na joto. Ukuta mzima wa baridi, pale pana joto, kama mto uliotoka kuachwa na kichwa. Nilirudi nyumbani na chupa haijafunguliwa. Mke wangu aliipikia wali, mimi sikula.

Jumamosi nikamleta Mzee kwa bakki. Nilimshusha mbele, chini ya simba. Akasimama na fimbo yake, akatazama mlango mkubwa, halafu miguu yake ikaanza kwenda kushoto, uchochoroni, kwenye mlango wa makaa. Nadhani hakujua kwamba anakwenda.

Mama Pasta akamwahi. "Papa, unaenda wapi? Mulango njo huu!" Akamshika kiwiko akampitisha katikati, kama bwana harusi, akamwombea baraka mpaka kwenye lifti. Tukaingia wawili. Nikafunga vyuma.

Aliliona bila kuonyeshwa. Akaweka kiganja juu yake, akakileta puani. Akasema maneno ya Kigujarati, taratibu, kichwa kimeinama. Nilijua ni salamu. Magari nje sikuyasikia tena.

Ningeweza kunyamaza. Doa lipo, amesharidhika, nani angejua? Lakini nilikuwa nimesimama kwenye mgongo wake, na niliona ninavyomtazama mgongo.

"Mzee, nililipiga msasa. Nililiona uchafu. Nikapaka vanishi. Jana nilikuja na mafuta nikudanganye, nikalikuta limerudi lenyewe."

"Najua. Vanishi inanuka mpaka barabarani." Hakugeuka. "Wewe kila kitu lazima king'ae, Tanga. Mfalme alikuwa hivyo hivyo."

Basi akageuka. Akauweka mgongo ukutani na uso mlangoni, kisogo kwenye doa, mikono yote miwili juu ya kichwa cha fimbo. Ndiyo mara ya kwanza, nadhani, mtu wa ukoo ule kuutazama mlango wa lifti ile kutoka ndani.

Ko. Ko.

Fimbo ya Mzee haikuwa imetikisika. Niliitazama. Sauti ilitoka kwenye kiti cha ngozi, ambacho hakikuwa na mtu, na ngozi yake ilikuwa imebonyea. Mkono wangu ukaanza kwenda kwenye wenzo, na shingo yangu ikaanza kugeuka ukutani.

"Acha," alisema Mzee Dayal. Kisha akakiambia kiti, kwa Kiingereza kisafi ambacho hata mimi sikujua kwamba anacho: "Anayetaka kupanda, aseme kwa mdomo."

Tukangoja. Mzee hakupumua, wala mimi. Na ndani ya kibanda kile nikasikia pumzi ikivutwa, ndefu, kama ya mtu anayetaka kuanza neno asilolizoea. Ikakaa. Neno halikuja. Pumzi ikatoka, ngozi ya kiti ikainuka polepole, na mlango wa vyuma, nilioufunga mwenyewe, ukacheza kidogo.

Mzee alikuwa ametoa jasho. Akanitazama usoni, nami nawaapia, siku ile ya mikanda hakunitazama usoni, na baada ya pale mara chache.

"Shabani," akasema. "Ghorofa ya tatu, tafadhali."

Nikasukuma wenzo. Tukayapita matofali ya ya pili bila kusimama, na juu kwaya ya Mama Pasta ilikuwa inafanya mazoezi.

Lifti ilibaki. Mwenye jengo aliipanda, akaona haya, kama nilivyopanga. Mzee Dayal alitangulia mwaka uliofuata, na binti yake akaniletea kikombe cha bati. Kipo kwenye droo ya chini ya meza niliyowaachia. Kinyweeni au msikinywee, shauri yenu, ila msikitundike.

Mkienda Marshalltown kuihudumia, viatu vya mzani vinabadilishwa kila mwaka. Ubao wa kushoto msiuguse kwa msasa. Mkisikia kugongwa na hakuna anayesema, mikono mifukoni. Na wale mlionilalamikia kwamba miaka hii mitatu Fundi ameacha kugonga spana, anapiga kelele shimoni, "Mwanangu, panda! Mwanangu, tafadhali simama!" mpaka wapangaji wanachungulia, mkasema ni domo la Kitanga, sasa mnajua.